Shajara ya mradi: Kuwafundisha kazi ya bima watu waliotoka katika kazi nyingine, Lubumbashi

Kabla ya kuanza

Nimepewa kazi ya kuweka shajara hii kwa sababu mafunzo yaliyotangulia, ambayo niliyasaidia kwa muda mfupi tu, yalimalizika bila mtu yeyote kuweza kueleza ni somo lipi lililoshika na lipi lilipita hewani. Safari hii tunaandika kila wiki, hata wiki ambayo hakuna la kujivunia.

Sababu ya mradi ni rahisi kueleza. Tangu mwaka 1966, nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, SONAS, iliyomilikiwa na serikali na iliyokuwa na haki ya pekee ya kufanya biashara hiyo. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa haki hiyo, ikafungua soko, na mamlaka ya kusimamia bima, ARCA, ikaanza kutoa vibali kwa kampuni binafsi mwaka 2019. Kwa hiyo katika muda mfupi kampuni kadhaa pamoja na madalali wao zilihitaji watu wenye ujuzi, wakati watu hao walikuwa wachache na wengi wao walikaribia kustaafu. Zimeajiri basi kutoka benki, shule, hospitali za migodi na ofisi za mawakili. Ni watu wenye elimu na nidhamu ya kazi, ila hawajawahi kushika faili la madai ya fidia mkononi.

Tunao wanafunzi kumi na wanne na wiki kumi na mbili, jioni tatu kwa wiki. Tunafundisha katika chumba tulichoazimwa karibu na katikati ya mji. Wakufunzi ni watatu: mimi niliyefanya kazi ya kushughulikia madai, mwenzangu mmoja wa upande wa mauzo, na mzee mmoja mstaafu ambaye sote tunamwita Papa Mkaguzi. Mpango tulioandika unaanza na sheria, unafuata aina za bima, kisha mauzo, na madai yanakuja mwisho.

Wiki ya kwanza

Tulianza na sheria, ibara kwa ibara, kwa Kifaransa kama ilivyoandikwa. Siku ya Ijumaa tukatoa jaribio fupi lenye agizo moja tu: mweleze mama mwenye duka la vitenge katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili, bima ya moto ni nini. Wanafunzi wote kumi na wanne walikuwa wameelewa ibara. Waliofaulu jaribio ni wawili.

Kilichowaangusha ni maneno. Katika ofisi zetu primu ni nyongeza ambayo mfanyakazi anapewa juu ya mshahara, na kila mtu anajua jinsi mtumishi anavyoisubiri. Katika bima primu ni fedha ambazo mteja anatoa. Aliyekuwa muuguzi alimwambia mama wa mfano, kwa upole na kwa sauti nzuri, «Mama, primu yako itakuwa dola mia mbili kwa mwaka», na Papa Mkaguzi, aliyekuwa akiigiza mama huyo, akanyoosha mkono na kusema, «Aksanti, nipe sasa hivi». Darasa lilicheka, lakini mimi nimeliona jambo hilo likitokea kweli, na mteja aliyegundua baadaye kwamba ni yeye anayedaiwa hakurudi tena.

Neno polisi lina shida yake pia. Mtu akiambiwa aje kuchukua polisi yake anafikiri kwanza juu ya barabara na juu ya faini. Kuhusu sinistri, mjini hapa sinistré ni mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na maji akabaki nje na watoto, kwa hiyo mteja anashangaa kusikia kwamba kioo cha gari kilichopasuka nacho ni sinistri.

Tumeamua kuandika faharasa yetu wenyewe. Kwa primu tutasema ada ya bima. Kwa polisi tutasema mkataba wa bima. Sinistri tutaiita tukio lenye madai, ingawa ni maneno mengi. Swali gumu lilikuwa neno lenyewe la bima, kwa kuwa hapa Lubumbashi watu wanasema asiransi na wengi wanalisikia neno bima kwa madereva wa malori wanaotoka Tanzania. Mwenzangu wa mauzo alitaka tushike asiransi kila mahali. Nilipinga, kwa sababu mteja akisafiri hadi Dar es Salaam hataelewana na mtu kwa neno hilo. Tumekubaliana kwamba mwanafunzi aseme yote mawili mwanzoni, kisha aendelee na lile ambalo mteja amelijibu.

Wiki ya pili

Katika mkutano wa Jumatatu niliomba tusifungue sheria kabisa. Niliwauliza wanafunzi jinsi familia zao zinavyokabiliana na hasara kubwa, na majibu yakawa mawili: kilio, yaani michango ya msibani, na likelemba, yaani mchango wa kikundi ambao kila mwanachama anaupokea kwa zamu.

Kila mmoja anajua daftari la kilio. Mtu anakaa mlangoni na kalamu, anaandika nani ametoa nini, na daftari hilo linahifadhiwa kwa miaka, kwa sababu siku mtoaji naye atakapofiwa litafunguliwa. Hapa kuna mambo mengi ya bima: kundi, hasara ambayo mmoja peke yake hawezi kuibeba, na uaminifu unaothibitishwa kwa maandishi. Tofauti ni kwamba kwenye kilio fedha zinakusanywa baada ya msiba, na kiasi chake kinategemea ni nani aliyekufa na ni nani anayejulikana na watu. Bima inakusanya kabla, na mjane asiyejulikana analipwa sawasawa na mjane wa mkubwa, ilimradi mikataba yao ni sawa.

Likelemba ilituletea ubishi wenye faida zaidi. Aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi aliuliza kama mwaka ukipita bila ajali fedha zimepotea, kwa kuwa kwenye likelemba kila mtu hatimaye anapata zamu yake. Ni swali ambalo kila mteja atauliza, na mtu anayelijibu kwa kusema tu kwamba amenunua amani ya moyo hajajibu kitu. Tulifanya hesabu ubaoni. Chukua magari elfu moja, tuseme ajali hamsini kwa mwaka, kila ajali ikigharimu wastani wa dola 1,200. Jumla ni dola 60,000, na ukigawa kwa magari elfu moja unapata dola 60 kwa kila gari. Hizo 60 ndizo ada halisi ya hatari, kabla ya kuongeza gharama za ofisi, ujira wa dalali na kodi. Dola 60 za yule ambaye hakupata ajali zimo ndani ya dola 1,200 za yule aliyepata. Mwalimu aliandika hesabu hiyo, akaipiga mstari, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini anayedanganya katika madai anawaibia wenzake kabla ya kuiibia kampuni. Sikumfundisha hilo.

Wiki ya tatu

Umeme ulikatika jioni mbili kati ya tatu, na mvua ya Alhamisi ikazuia nusu ya darasa kufika. Tulirudia faharasa kwa mwanga wa simu. Hakuna zaidi.

Wiki ya nne

Tumebadilisha mpango. Hata baada ya wiki tatu za masomo, wanafunzi walikuwa wakisoma mkataba kama mtu anayesoma tangazo, yaani walikuwa wakitafuta kile unachoahidi. Mtu wa madai anausoma kutoka upande wa pili, anatafuta masharti, mipaka na yaliyotengwa. Nilipendekeza tuanze na madai na tuache mauzo yawe mwisho. Mwenzangu wa mauzo hakufurahi, na sababu yake ni ya kweli: kampuni zilizowaleta zinataka waanze kuuza mapema. Papa Mkaguzi ndiye aliyeamua, akisema kwamba amewahi kuona wauzaji wengi ambao hawakujua walichouza.

Faili la kwanza lilikuwa la moto katika duka, majina yakiwa yamefutwa na tarakimu kusawazishwa ili zihesabike kirahisi. Siku ya moto bidhaa zote dukani zilikuwa na thamani ya dola 80,000. Mwenye duka alikuwa ameziwekea bima ya dola 50,000. Moto uliharibu bidhaa za dola 16,000 kabla ya majirani kuuzima kwa mchanga na ndoo. Kampuni imlipe kiasi gani?

Wanafunzi kumi na watatu walijibu dola 16,000, kwa kuwa hasara ni ndogo kuliko kiasi kilichowekewa bima. Mmoja, mwanasheria, alikaa kimya, na nikajua kwamba amesoma mbele. Katika mikataba inayofuata mapokeo ya sheria ya Kifaransa inatumika kanuni ya uwiano: mtu aliyeweka bima ya sehemu tu ya mali yake amebaki kuwa mbeba hatari wa sehemu iliyobaki. Hamsini kwa themanini ni sehemu tano kati ya nane. Sehemu tano kati ya nane za dola 16,000 ni dola 10,000. Kwa mkataba huu inaondolewa pia fransizi ya dola 500, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anajibebea mwenyewe katika kila tukio. Anapokea dola 9,500.

Darasa lilikasirika, nami niliifurahia hasira hiyo. Aliyekuwa karani wa benki alisema huu ni wizi uliovaa tai. Mwanasheria akamsomea sharti lenyewe, na hakubadilisha mawazo ya mtu, maana kusoma sharti kwa sauti kubwa hakumfanyi aliyeumia akubali. Aliyeituliza hoja ni yule muuguzi wa wiki ya kwanza. Alirudi kwenye likelemba na kuuliza kama mtu anayeshika nusu ya mkono, yaani anayetoa nusu ya mchango kila mwezi, anaruhusiwa kudai mkono mzima zamu yake ikifika. Kila mtu alijua jibu. Huyu mwenye duka alikuwa ametoa ada ya sehemu tano kwa mali ya sehemu nane.

Hapo nikawauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nilete faili hilo: ni nani aliyeandika 50,000 kwenye fomu? Ukurasa wa pili ulionyesha kwamba muuzaji wa bima alishauri kiasi hicho ili ada iwe ndogo na mteja asiende kwa mshindani. Tukabaki kwenye ukurasa huo kwa saa nzima. Mwenzangu wa mauzo, ambaye siku mbili nyuma alikuwa amenuna, ndiye aliyeuongoza mjadala, na aliuongoza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Wiki ya tano

Watu wa benki wana shida yao ya pekee. Benki inatoa mkopo leo na kungoja fedha zirudi. Bima inapokea fedha leo na haijui bado bidhaa yake itagharimu kiasi gani. Mzunguko umegeuka juu chini. Karani wetu aliona ada zilizoingia Desemba akaziita faida ya mwaka. Tulimwonyesha kwamba mkataba wa miezi kumi na miwili ulioanza tarehe 1 Oktoba umetumika kwa robo tu ifikapo tarehe 31 Desemba, kwa hiyo robo tatu za ada si mali ya kampuni bado. Ni akiba ya ada ambazo hazijastahiliwa. Juu yake kuna akiba nyingine kwa ajili ya madai ambayo yametokea lakini hayajalipwa, na hata yale yaliyotokea ambayo hakuna aliyeyaripoti. Hilo la mwisho lilimsumbua. Aliuliza mtu anawezaje kuweka akiba kwa kitu ambacho hakijafika mezani. Ni kwa kuangalia miaka iliyopita, na katika soko changa kama letu miaka hiyo ni michache.

Tuligusa pia bima ya bima, yaani jinsi kampuni yenyewe inavyogawana hatari kubwa na kampuni nyingine, na tukaitaja Africa Re, iliyoanzishwa mwaka 1976 na yenye makao makuu Lagos. Wanafunzi walipokea somo hilo upesi: moto wa ghala moja la mgodi unaweza kumeza ada za mwaka mzima, na mji huu unajua ukubwa wa migodi.

Wiki ya sita na ya saba

Tulikwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa basi dogo, na safari ikala siku nzima kwa sababu ya malori. Yanapita kwa mamia yakibeba shaba na kobalti kwenda bandarini na kurudi na mafuta, mashine na chakula. Kusudi lilikuwa kuona kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ikifanya kazi; ni hati ya bima ya gari linalovuka mipaka, kwa kuwa wanafunzi waliijua kama jina tu.

Dereva mmoja kutoka Tanzania alituonyesha yake. Alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na picha ya mkewe. Nchi yake ilishajiondoa katika COMESA mwaka 2000 lakini inashiriki katika mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo akimgonga mtu upande huu wa mpaka, dhima yake, yaani wajibu wake wa kumfidia aliyemdhuru, inashughulikiwa hapa kwa sheria ya hapa. Tulimuuliza kadi hiyo inalinda nini. Alijibu kwa uhakika kabisa: «Lori, mzigo na mimi mwenyewe». Kwa kweli inalinda wengine aliowadhuru, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Lori lenyewe na shaba iliyo juu yake vinahitaji mikataba mingine. Mwanafunzi aliyekuwa mhandisi alimweleza kwa Kiswahili safi, na dereva akabaki ameikodolea macho kadi yake kwa muda. Kisha akasema, «Kaka, miaka tisa naibeba hii», akairudisha mfukoni.

Nimeandika hapa kwamba huo ndio ulikuwa mtihani halisi wa mhandisi yule, na nimempa alama zake.

Wiki ya saba ilitumika kwa bima ambazo sheria inazilazimisha, kama vile dhima ya gari, moto, hatari za ujenzi na bidhaa zinazoingizwa nchini. Somo lilikuwa kavu nasi hatukulilowesha.

Wiki ya nane na ya tisa

Mazoezi ya kuuliza maswali. Bima inasimama juu ya yale ambayo mteja anayasema kabla ya kutia sahihi, na mteja hasemi asichoulizwa. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Katuba alikubali tumtembelee, wanafunzi wawili wawili, wamjazie fomu ya mfano. Nyuma ya pazia lake kulikuwa na madumu matatu ya petroli kwa ajili ya jenereta, umbali wa hatua nne kutoka kwenye vitambaa. Jozi sita kati ya saba zilitoka bila kuyaona, ingawa fomu ina swali kuhusu vitu vinavyowaka haraka. Walikuwa wameuliza, «Mama, hapa hakuna hatari yoyote, siyo?», naye akaitikia kwa adabu. Swali la namna hiyo limeshabeba jibu lake. Jozi ya saba iliuliza anafanyaje kazi umeme ukikatika, na Mama akafungua pazia mwenyewe.

Tukafafanua matokeo yake. Mteja aliyeficha kwa makusudi anaweza kuupoteza mkataba wote. Aliyekosea bila nia mbaya hapotezi kila kitu, lakini malipo yanaweza kupunguzwa kwa uwiano kati ya ada aliyolipa na ile ambayo angelipa kama ukweli ungejulikana. Ni uwiano tena, na safari hii hakuna aliyekasirika.

Wiki ya kumi na ya kumi na moja

Tulitoa wiki mbili kamili kwa barua ya kukataa madai. Najua kwamba ni nyingi. Faili: kijana ameibiwa pikipiki yake ya kubebea abiria, na mkataba wake ni wa dhima kwa wengine pekee. Hakuna cha kumlipa. Mwandikie.

Barua za kwanza za Kifaransa zilikuwa zimenyooka na hazikuwa na mtu ndani yake. Zile za Kiswahili zilikosea upande mwingine, zikimpa pole aya tatu hadi mtu asielewe kama atalipwa au la. Moja ilimalizia kwa kumwambia «Mungu atafungua njia», jambo ambalo mteja angeweza kulisoma kama ahadi ya kampuni. Tuliandika upya mara nne. Barua tuliyoihifadhi, ya yule mwalimu, inaanza hivi: «Tumepokea taarifa yako ya wizi wa pikipiki na tunakupa pole. Mkataba ulioununua unalipa hasara ambayo pikipiki yako imewasababishia watu wengine. Haulipi pikipiki yenyewe ikiibiwa au ikiharibika. Kwa sababu hiyo hatutaweza kukulipa thamani yake.» Baada ya hapo inataja ibara ya mkataba, inaeleza kwamba ana haki ya kupinga uamuzi kwa maandishi na mahali pa kupeleka barua yake, na inamrudishia nakala za hati zake.

Papa Mkaguzi aliisoma mara mbili na akauliza tu kwa nini kijana yule hakuambiwa maneno hayo hayo siku aliyonunua. Mwenzangu wa mauzo alichukua nakala. Ameigeuza sasa kuwa karatasi ya kusomewa mteja kabla hajatia sahihi, akibadilisha pole kuwa tahadhari.

Wiki ya kumi na mbili

Wanafunzi kumi na wawili wamefika mwisho. Mmoja alirudi benki, na mwingine alihamishiwa Kolwezi na mwajiri wake. Tulirudia jaribio la wiki ya kwanza, na Papa Mkaguzi akakaa tena kwenye kiti cha mama wa vitenge. Tisa walifaulu. Watatu walioshindwa walieleza vizuri kile kinacholipwa lakini walisahau fransizi na kanuni ya uwiano, nao watarudia baada ya mwezi.

Yaliyobaki kufanywa: faharasa ina maneno sitini na nane, na kumi kati yake bado tunabishania. Tukio lenye madai ni refu mno kwa mazungumzo, na wanafunzi wameanza kusema hasara tu, jambo linalomkera mwanasheria. Kundi lijalo litapewa faili la duka lililoungua asubuhi ya kwanza, kabla ya salamu za wakubwa. Fundi cherehani wa Katuba amekubali kupokea wageni tena, lakini amehamishia madumu ya petroli uani, kwa hiyo itabidi tutafute pazia lingine.